Muulize Fundi: Barua taka zimenizidi, na oda zinapotea

*Fundi, habari za kazi? Nauza vitenge na khanga kwa jumla hapa Tanga. Mwaka jana niliandika anwani yangu ya barua pepe kwenye ukurasa wa Facebook, na Instagram pia, ili wateja wa mbali wanipate. Siku hizi nikiamka nakuta barua thelathini, arobaini: mikopo bila dhamana, dawa za nguvu za kiume, tajiri wa Dubai anatafuta mbia, ukurasa wangu utafungwa leo saa kumi. Nikazoea kuzifuta kwa mpigo, na wiki iliyopita nikafuta na oda ya mteja wa Mombasa. Kila barua nashuka hadi chini nabonyeza "Jiondoe", ndiyo kwanza zinaongezeka. Niifunge anwani hii nianze upya?*
Dada wa Vitenge, Tanga

Usiifunge, dada. Anwani hiyo imo kwenye simu za wateja wako na huenda umeshaichapisha hadi kwenye mifuko. Ukiifunga, wanaokupotea ni wao. Matapeli hawapotei, maana ukiibandika mpya palepale wataiokota nayo. Wala hakuna mtu aliyekaa akakuchagua wewe. Ni programu zinazopita ukurasa hadi ukurasa zikizoa chochote chenye alama ya @, kisha orodha inauzwa, na aliyenunua naye anaiuza.

Kuwa na anwani mbili. Moja ya barazani, ambayo mgeni yeyote anaiona, na moja ya ndani, kwa ajili ya benki, mzigo na wateja wa kudumu. Hiyo ya ndani isionekane Facebook wala Instagram. Huko weka kitufe cha WhatsApp, kinatosha. Na kama unatumia Gmail, kuna ujanja mmoja ninaoupenda: kabla ya alama ya @ unaweza kuongeza alama ya kujumlisha na neno lolote, mfano jinalako+insta, na barua zitakufikia vilevile. Siku taka zikianza kuja kupitia "+insta" umeshajua zimeingilia mlango gani, na unaweza kuiamuru Gmail izipeleke zote pembeni.

Sasa hilo la "Jiondoe". Kosa lako ni kuzichukulia barua zote kuwa ni za aina moja. Duka ulilowahi kununua kitu, shirika la ndege, kozi uliyojiandikisha ukasahau: hao ni wasumbufu, lakini wanajulikana. Huko jiondoe bila wasiwasi. Tangu mwaka 2024 Google na Yahoo wanawadai watumaji wa matangazo kwa wingi (kwa Gmail ni wanaofikisha barua 5,000 kwa siku) waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na ombi litekelezwe ndani ya siku mbili. Bonyeza "Jiondoe" ya juu, iliyo jirani na jina la mtumaji. Hiyo huwekwa na Gmail yenyewe. Ya chini kabisa imeandikwa na aliyetuma, na kama aliyetuma ni tapeli wa dawa, mbofyo wako umemwambia tu kuwa anwani ina mtu na mtu huyo anasoma. Kwa usiyemjua usibonyeze chochote ndani ya barua. Iripoti kuwa ni taka, basi. Kufuta peke yake hakuifundishi Gmail kitu.

Hiyo ya "ukurasa wako utafungwa leo saa kumi" nimeiona mara nyingi kwenye simu za watu. Jina la mtumaji limeandikwa vizuri tu, Facebook, na nembo ya bluu ipo. Gusa hilo jina, anwani halisi itajitokeza, mara nyingi ni Gmail ya mtu binafsi. Kiungo nacho kinasomeka kama facebook.com.uhakiki-kurasa.top/ingia. Usidanganyike na mwanzo wake. Tafuta mkwaju (alama ya /) wa kwanza baada ya jina la tovuti, usome kutoka hapo kurudi nyuma: mwenye tovuti hapa ni uhakiki-kurasa.top. Yale maneno ya mbele ni kama duka la Manzese lililoandikwa "Dubai Palace". Ukiwa bado na wasiwasi, achana na barua, fungua Facebook yenyewe uangalie kwenye mipangilio ya usalama. Kuna orodha ya barua walizokutumia hivi karibuni. Kama haimo, hawakuituma.

Zamani tuliwatambua kwa lugha mbovu. Mwaka 2004 nilikuwa na kafe ya intaneti Morogoro, akaja mzee mmoja niichapishe, tena kwa rangi, barua ya mjane wa jenerali mwenye mamilioni ya dola yaliyokwama benki. Kiingereza chake kilinichekesha hata mimi niliyepata D. Leo akili mnemba inamwandikia tapeli Kiswahili safi kuliko changu, kwa hiyo mwangalie anakutaka ufanye nini. Anataka nywila? Anataka namba za siri alizokutumia sasa hivi kwa meseji? Anataka ada kidogo ili akupe kikubwa? Na kwa nini lazima iwe leo saa kumi?

Kinachowafanya wasiache ni kwamba kutuma hakuna gharama. Mei 1978 huko Marekani, Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment, alituma tangazo moja kwa watu karibu 400 waliokuwa kwenye ARPANET, mtandao uliozaa intaneti ya leo. Akafokewa sana. Baadaye alidai kuwa mashine ziliuzika.

Lakini linaloniuma zaidi katika barua yako ni ile oda ya Mombasa, maana nami yamenikuta. Gazeti moja liliniandikia likiomba namba ya akaunti linilipe makala zangu. Barua ikaangukia kwenye taka, na Gmail huzifuta za humo baada ya siku 30. Miezi mitatu nimewasema vibaya kila kijiwe, kumbe walishaniandikia. Siku hizi kila Jumamosi, chai ikiwa mezani, naipitia folda ya taka kwa majina tu, bila kufungua. Nikikuta ya kweli nabonyeza "Si taka" na kumhifadhi mtumaji kwenye orodha yangu. Fanya hivyo kwa kila mteja wa jumla, siku ileile anapoagiza mara ya kwanza.

*Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu. Naingizwa kwenye makundi ya WhatsApp na watu nisiowajua, eti kuna kazi ya kupenda video na kulipwa. Na shemeji yangu hachoki kunitumia "sambaza kwa watu kumi upate GB 50". Nifanyeje nisimuudhi?*
Mwalimu, Kondoa

Shikamoo mwalimu. Ingia Mipangilio, Faragha, Vikundi, uchague kwamba wanaoweza kukuingiza ni waliomo kwenye orodha yako ya simu tu. Makundi uliyokwisha kuingizwa, toka na uyaripoti. Kazi ya kupenda video hukulipa kweli siku mbili tatu, elfu mbili, elfu tano, na hapo ndipo wanapokukamata: siku ya nne unaambiwa uweke laki ili ufungue "kiwango" cha juu.

Kuhusu shemeji, usimsahihishe mbele ya kundi la familia. Mpigie, muulize hali ya nyumbani, halafu muulize kama hizo GB 50 alizipata. Mwonyeshe na vile vimshale viwili juu ya ujumbe. Maana yake umepita mikono mingi kabla ya kumfikia. WhatsApp waliona tatizo hilo, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa vimshale viwili hausambazwi kwa zaidi ya soga moja kwa wakati. Shemeji anautuma mmojammoja kwa subira. Angekuwa mwanafunzi wako ungempa zawadi ya bidii.

*Kuna anayenitumia kila siku "ile hela tuma kwenye namba hii". Nikimtukana ataacha?*
Kijana wa Bodaboda, Mbagala

Hataacha. Usambaze ujumbe huo kwenda 15040, namba iliyotengwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa ajili ya kuripoti utapeli, kisha mzuie. Mimi nilimtukana mmoja mwaka juzi, meseji ndefu kweli, nikamtajia na ukoo wake wote. Akanijibu kwa upole kwamba ile namba ya kwanza imejaa, hela nitume kwenye hii nyingine.