Vidonge vya mzio na kinga ya panya: usiache dawa kwa hofu

Dada, umeuliza kama uache setirizini unayomeza kila siku kwa mafua ya vumbi, kwa kuwa umesoma kwamba dawa za mzio "zinaua kinga" ya panya wa maabara. Kwa sababu hiyo pekee, usiache.

Dawa hizi si za aina moja. Zinazoua seli za kinga kweli ni steroidi: panya akidungwa deksametasoni, mojawapo ya steroidi hizo, tezi ya thaimasi, ambamo seli T (askari wa kinga ya mwili) hukomaa, husinyaa ndani ya siku chache kwa kuwa seli changa hufa kwa wingi. Setirizini huziba tu kipokezi cha H1, yaani mahali kwenye seli ambapo histamini, kemikali ya mwili inayoleta chafya na mwasho, hushika, ili histamini isifanye kazi yake.

Halafu matokeo ya panya wenyewe yanagongana. Mwaka 1994 watafiti wa Winnipeg, Kanada, waliona uvimbe wa saratani ukikua haraka kwa panya waliopewa loratadini, dawa ya kundi moja na setirizini, lakini si kwa waliopewa setirizini. Mwaka 2021 timu ya Houston, Marekani, ikaonyesha kwamba kuziba H1 kwenye makrofaji (seli nyingine za kinga) kulizirudishia seli T nguvu ya kupambana na saratani. Utamfuata nani? Na panya hao walipandikizwa saratani. Wewe unasumbuliwa na vumbi la godoro.

Kagua kabati lako. Ukikuta prednisoloni, ambayo ni steroidi, au kama ulichomwa "sindano ya mzio" bila kutajiwa jina lake, mweleze daktari, na kama umeitumia wiki kadhaa usiikatishe ghafla. Setirizini husitishwa siku chache kabla ya kipimo cha mzio cha ngozi, maana huzuia vipele kutokea.