Mdogo wangu haoni: atafikaje sokoni Darajani, Unguja, peke yake?

Waalaykum salaam dada. Kwa mdogo wako aliyepoteza uoni, msianze na safari nzima ya Darajani. Chukueni kipande kimoja, mlangoni hadi kona ya mwanzo, kwenda na kurudi, maana kwake kurudi ni njia nyengine kabisa.

Fimbo nyeupe imfike kifuani. Mguu wa kulia ukitangulia, ncha iguse kushoto, upana wa kuipunga uzidi mabega kidogo. Baraza, kile kikalio cha mawe nje ya nyumba, fimbo itaigundua; lakini dirisha lililofunguliwa nje, fimbo hupita chini yake, basi mkono mmoja ukinge uso. Kichochoro kikifunguka, mwangwi hubadilika na upepo humpiga shavuni: hapo ahesabu kona. Mvua ikipiga mabati, masikio hudanganya, asubiri. Nawe usimvute mkono. Yeye akushike juu ya kiwiko.