Muulize Fundi: Antena iko Amani, kidole kiko Ngamiani

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mwanafunzi, nimepanga chumba Ngamiani, hapa Tanga mjini. Nimeipenda redio ya ridhaa, ile ya watu wenye leseni kuongea wao kwa wao hewani bila biashara, lakini mwenye nyumba hataki kuona hata kipande cha waya juu ya bati lake. Nimeona video ya kijana anaendesha kituo kilichoko Ulaya kwa laptopu tu: anazungusha antena, anaongea na watu wa mbali. Nami naweza? Na huko si kudanganya? — *Mpangaji, Ngamiani*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenye nyumba wako simlaumu sana. Hata angekuruhusu, masafa mafupi pale Ngamiani siku hizi ni taabu tupu. Kila dirisha lina taa ya LED ya bei poa na chaja ya simu, na vyote vinamwaga kelele hewani. Washa redio usiku kwenye megahezi 7, utasikia mvumo kama mzinga wa nyuki. Kwa hiyo kutaka kuweka masikio yako mahali pengine si uvivu hata kidogo.

Ila tenganisha kusikiliza na kurusha. Kusikiliza anza leo jioni. Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kina kipokezi kiitwacho WebSDR, yaani redio unayoisikiliza kwa intaneti, kilichoanza 2008, na wasikilizaji wengi hukitumia kwa pamoja kila mmoja akiwa kwenye masafa yake. Huulizwi leseni wala hutoi senti. Vipo pia vipokezi vidogo viitwavyo KiwiSDR, vimetapakaa duniani, navyo hupokea mpaka megahezi 30. Nenda kati ya megahezi 14.000 na 14.350, usikie watu wanavyoitana, nani anangoja zamu na nani hana adabu. Ukishapata rafiki mwenye leseni hapa Tanga, mwombe arushe huku wewe unamsikiliza kupitia Uholanzi. Mtajua papo hapo kama ishara yake imefika.

Kurusha ni habari nyingine. Ukibonyeza kitufe cha kurusha ukiwa Ngamiani na mnara uko Ujerumani, umerusha kutoka Ujerumani, na sheria inayokushika ni ya kule. Leseni ya TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, hukupa ishara ya mwito, yaani jina lako la hewani, inayoanza na 5H, lakini haikupi ruhusa ya kutumia hewa ya nchi ya watu. Ndiyo maana kwenye mtandao wa vituo vya mbali kama RemoteHams mwenye kituo anaweza kuacha watu wasikilize, ila kabla ya kumruhusu mtu kurusha anataka kuiona leseni yake kwanza. Soma masharti ya nchi husika, mwandikie mwenye kituo, ngoja jibu.

Na tafadhali usijitaje kuwa uko Tanga wakati sauti inatokea Ujerumani. Mtu wa Brazili atageuza antena yake kuelekea Afrika kukutafuta, akupoteze, kisha aandike kwenye daftari lake kitu ambacho hakikutokea. Hapo ndipo udanganyifu unapoingia. Kituo cha mbali chenyewe hakina kosa: tuzo ya DXCC, ya kuwasiliana na nchi nyingi, inayotolewa na ARRL, chama cha redio ya ridhaa cha Marekani, inakubali mawasiliano yaliyofanywa hivyo, mradi kituo kina leseni halali, na inahesabu pale mtambo wa kurusha ulipo. Nchi ulizozipata kupitia mnara wa Marekani huwezi kuzichanganya na ulizozipata kutoka Tanga. Wapo wanaolipia vituo vikubwa kwa dakika ili kurefusha orodha yao. Fedha ni zao. Mimi siwaonei wivu.

SWALI: Fundi, sisi ni wanne, wote tuna leseni, tunaishi Tanga mjini. Mwenzetu mmoja ana shamba Amani, juu, kimya kabisa, na mtandao wa simu unashika. Tunataka kuweka kituo kimoja tukitumie kwa zamu kupitia intaneti. Tununue redio gani? — *Wanne wa Chumbageni*

JIBU: Redio iwe ya mwisho kwenye orodha yenu. Karibu redio yoyote ya kisasa yenye tundu la kompyuta itafaa. Anzeni na radi.

Amani hunyesha karibu mwaka mzima, na kituo cha mbali hakina mtu wa kukimbilia kuchomoa waya wingu likitanda. Wekeni swichi ya umeme inayotenganisha antena na redio na kuiunganisha na ardhi *wakati wowote* kituo hakitumiki. Umeme ukikatika, swichi irudi yenyewe upande wa ardhi. Fundi akiwawekea kinyume chake, mfukuzeni. Chini ya antena chimbieni vyuma vya ardhi vya kutosha, viungwe pamoja na vya nyumba. Antena yenyewe haina makuu: waya wa kama mita 10 kwa megahezi 14, kama mita 20 kwa megahezi 7, ukatwe katikati na kuinuliwa juu ya miti. Viungo vyote vizungushieni utepe wa mpira, maji yasiingie kwenye kebo.

Umeme wa jua ni mzuri, lakini piga hesabu. Redio ya wati 100 hula kama ampea 20 ikirusha, na 1 au 2 ikisikiliza tu, kwa volti 13.8. Kuna mtego hapa: kidhibiti cha kuchajia betri, hasa cha bei rahisi, hupiga kelele kwenye masafa yale yale mliyopanda mlimani kuyafuata. Wekeni swichi ya kukizima kutoka mbali mkitaka kusikiliza.

Sasa intaneti. Mitandao ya simu mara nyingi huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo ukiwa Chumbageni huwezi kubisha hodi moja kwa moja kwenye kompyuta ya Amani. Dawa yake ni VPN, njia ya faragha ndani ya intaneti: kompyuta ya kule ndiyo inayopiga simu kutoka ndani, nanyi mnakutana nayo katikati. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inatosha. Ikiganda, nani atapanda mlima kuizima na kuiwasha? Nunueni swichi inayopokea ujumbe mfupi wa simu, yenye laini yake, tena ya mtandao tofauti na ule wa intaneti.

Lililo zito kuliko yote ni mtandao kukatika ukiwa umebonyeza kitufe. Redio itaendelea kurusha, betri inakwisha, mitambo inaungua, na mmeziba masafa ya watu. Kanuni za FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, zinataka kituo kinachoendeshwa kwa mbali kiwe na njia ya kukomesha urushaji usizidi dakika 3 kiungo kikiharibika. Nanyi fanyeni hivyo hivyo, au dakika 2 kabisa. Kipima muda kiwe cha kifaa pale pale Amani. Msitegemee programu ya laptopu iliyoko mjini.

Kabla ya kupandisha hata msumari, andikieni TCRA: kituo kiko wapi, nani mwenye dhamana, nani wanaoendesha, kinazimwaje. Kila mmoja awe na nywila yake, na daftari lionyeshe nani aliketi saa ngapi. Nasema hivi kwa sababu malalamiko yakija, “tulikuwa wanne” si jibu.

SWALI: Hivi kusikiliza kwa intaneti kunamaliza bando? — *Mwalimu, Bagamoyo*

JIBU: Sauti peke yake, ikibanwa vizuri kwa kilobiti 40 kwa sekunde, ni kama megabaiti 18 kwa saa. Kinachokula bando ni ule mchoro wa rangi unaoteremka kwenye skrini kuonyesha ishara zilizopo hewani. Ukishaipata stesheni, uzime.