Kupanda Milima ya Tramuntana kwa Baiskeli: Panga Kwanza Saa na Upande

Wengi wanaoniuliza kuhusu milima ya Serra de Tramuntana, katika kisiwa cha Mallorca nchini Hispania, huanza na swali la urefu: ni mlima upi mgumu kuliko mingine, na mwinuko wake ni mkali kiasi gani. Kwa uzoefu wangu, hilo si swali la kwanza. Kilele kikubwa kuliko vyote kisiwani humo, Puig Major, hakifiki mita 1,500, na barabara ya umma inayopita ubavuni mwake haifiki mita 900. Mtu mwenye afya nzuri aliyefanya mazoezi kwa miezi kadhaa anaweza kuzipanda njia zote maarufu za huko. Kinachoamua iwapo siku itakuwa ya furaha au ya mateso ni mambo mawili yanayopangwa jioni iliyotangulia, nayo ni saa utakayoondoka na upande utakaoingilia barabara.

Nianze na upande. Barabara kuu ya milima hiyo, inayoitwa Ma-10, inafuata pwani ya kaskazini-magharibi kutoka Andratx hadi Pollença, ikiwa na urefu wa zaidi ya kilomita 100. Hispania magari hupita mkono wa kulia. Kwa hiyo anayetoka Pollença kwenda Andratx huwa na bahari upande wake mwenyewe, bila gari kumziba, ilhali anayetoka Andratx hupita chini ya ukuta wa mlima na kuitazama bahari ng'ambo ya njia ya magari yanayokuja. Anayekwenda hasa kwa ajili ya mandhari afuate mwelekeo wa kwanza. Huenda jambo hili likaonekana dogo kwenye ramani, lakini kati ya Deià, Valldemossa na Banyalbufar, ambako mashamba ya ngazi yameshikiliwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, mwelekeo ndio unaobadilisha kila unachokiona. Kuta hizo na mizeituni mikongwe iliyo juu yake ni sehemu ya sababu zilizoifanya UNESCO iiweke Tramuntana kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011.

Sa Calobra ndipo mahali ambapo saa ina uzito kuliko popote. Barabara yake ilibuniwa na mhandisi Antonio Parietti na kukamilika mwaka 1932, nayo inashuka kutoka Coll dels Reis (coll ni njia inayovuka kati ya vilele), karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, hadi kwenye ghuba ndogo ambako lami inaishia majini. Ni lazima ushuke kwanza, kisha upande kwa njia ileile, chini kidogo ya kilomita 10 kwa mwinuko wa wastani wa asilimia 7. Parietti hakutaka kutoboa mlima. Aliizungusha barabara kufuata umbo la jabali, na mahali paitwapo Nus de sa Corbata inajikunja duara hadi kupita chini yake yenyewe. Kwa mwendesha baiskeli, ubunifu huo una faida kubwa, kwa sababu mwinuko haupandi na kushuka ovyo. Chagua gia unayoweza kuikanyaga huku ukiongea sentensi fupi, ishikilie mpaka nusu ya njia, na usiongeze nguvu kabla ya kulipita duara lile.

Hata hivyo, barabara hiyo ni nyembamba, na mabasi ya watalii huanza kushuka kwa wingi asubuhi inapokwisha kupamba moto. Basi linapokutana na basi kwenye kona, kila mtu husimama, na mwendesha baiskeli hubaki amebanwa kati ya chuma na mwamba. Ushauri wangu ni kwamba uwe umekwisha kufika chini kabla ya saa nne asubuhi, ili unapopanda mabasi yawe yanashuka upande wa pili wa barabara. Ili hilo liwezekane, lala karibu na milima, kwa mfano Caimari, Inca, Pollença au Sóller, badala ya Palma. Kutoka Caimari unapanda Coll de sa Batalla kwa takriban kilomita 8 za mwinuko mpole wa wastani wa asilimia 5, ambazo naziona kuwa njia bora kabisa ya kupasha miguu moto. Karibu na juu kuna kituo cha mafuta chenye mgahawa, na nyumba ya watawa ya Lluc haiko mbali. Jaza chupa zako hapo.

Puig Major kutokea Sóller ni jambo jingine. Ni kiasi cha kilomita 14 za kupanda mfululizo, na sehemu kubwa haina kivuli mchana, kwa hiyo nayo inataka asubuhi. Mwishoni kuna handaki, na ni lazima uwe na taa ya mbele na ya nyuma hata jua likiwaka, kwani macho yaliyozoea mwanga mkali huchelewa kuona gizani. Ukitoka upande wa pili unateremka kando ya mabwawa ya Cúber na Gorg Blau.

Coll de Sóller, kwa upande wake, naipendekeza kwa alasiri. Tangu handaki la magari lilipofunguliwa mwaka 1997, magari mengi hupita chini ya mlima, na barabara ya zamani yenye kona zinazofuatana imebaki tulivu, ikiwa na kivuli cha kutosha. Baiskeli haziruhusiwi katika handaki hilo, na hakuna sababu ya kulitamani.

Sasa neno la tahadhari kwa ndugu zangu wa Tanzania, Kenya na Uganda, tuliokulia kwenye nchi za kupita kushoto. Hatari haipo penye magari mengi, kwa kuwa hapo utawafuata wengine. Hatari ipo unapotoka mgahawani na kukuta barabara tupu, au unapoingia mzunguko asubuhi na mapema. Jingine ni breki: baiskeli nyingi za kukodi huko huwa na breki ya mbele mkono wa kushoto, kinyume cha tulivyozoea. Ijaribu kwenye uwanja tambarare, na kama mkono wako unasita, mwombe fundi wa duka abadilishe kabla hujaondoka. Omba pia sproketi ya nyuma, yaani gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo, yenye meno 32 au zaidi; goti lako litakushukuru.

Kuteremka kunastahili heshima kuliko kupanda. Funga breki kabla ya kona, si ndani yake, kisha ziachie. Kuzishikilia mfululizo huzipasha joto na kuchosha vidole. Tazama mwisho wa kona, wala si ukingo wa korongo. Mbuzi na kondoo huvuka barabara bila taarifa, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi hufanya lami iteleze sana. Beba koti jepesi la kuzuia upepo hata siku ya joto, kwa maana jasho la kupanda hugeuka baridi kali ndani ya dakika chache za kushuka. Kofia ngumu ni ya lazima kisheria nje ya miji, na madereva wanatakiwa kuacha nafasi ya mita 1.5 wanapokupita; wengi wao hulitii sharti hilo.

Kuhusu majira, Machi hadi Mei ndiyo miezi ninayoipenda, kisha Septemba na Oktoba. Julai na Agosti joto linachosha na barabara zinajaa. Kula kidogo kila nusu saa tangu mwanzo. Mimi hubeba tende na kashata, ambazo haziyeyuki mfukoni. Rasi ya Formentor, ambayo barabara yake pia ni kazi ya Parietti, iwekee siku isiyo na upepo wa kaskazini, kwa sababu mabonde yake yaliyo wazi husukuma baiskeli pembeni ghafla. Upepo ukivuma siku uliyoipangia, geukia bonde la Orient kupitia Bunyola, ambalo milima hulikinga.