Nyati wazee wa Mikumi

SWALI: Shikamoo mzee. Juzijuzi nilikuwa naenda Iringa kwa basi. Tulipofika Mikumi nikaona nyati watatu, madume matupu, wamelala kwenye tope karibu na barabara. Hakuna jike wala ndama. Konda akasema hao ni wazee waliofukuzwa na vijana. Ni kweli? Kumbe wanyama nao wakizeeka wanatengwa?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Konda wako kapatia nusu, na nusu iliyobaki ndiyo tamu.

Madume wanapigana, sibishi. Lakini mimi ni askari wa wanyamapori mstaafu, na nyati wengi niliowaona wakiachana na kundi walijiondokea wenyewe. Dume akiwa kundini hali akashiba: kutwa anamnusa jike huyu, anamkinga yule, anatunishiana misuli na wenzake. Anakonda. Basi anatoka, anakula kwa nafasi, akinawiri anarudi. Profesa Herbert Prins, aliyewachunguza nyati wa Ziwa Manyara, alilieleza hilo vizuri. Umri ukishasogea, dume anatoka moja kwa moja na kubaki na wenzake wawili watatu karibu na maji.

Mzee utamjua tu: masikio yamechanika, manyoya yamepukutika usoni, ncha za pembe zimelika, tope limemkaukia mgongoni. Ila usimwonee huruma ukamsogelea! Huyo ndiye asiyekimbia, anakusubiri. Tatizo lake ni simba, maana macho ya kulinda yamebaki machache.

Sokwe mtu nao wanachagua wa kukaa naye. Watafiti waliowafuatilia wale wa Kibale, Uganda, kwa miaka 20, waliandika mwaka 2020 kwamba madume wakizeeka hupunguza ugomvi, na hukaa zaidi na rafiki wa kweli: mimi nakuchambua manyoya, nawe unanichambua. Kijana yeye hujipendekeza hata kwa dume asiye na habari naye. (Hapa mjini tunao wengi wa namna hiyo, tuwaache.)

Tembo jike ni kinyume kabisa. Akizeeka hapungukiwi na watu, anaongezewa: mabinti, wajukuu, wote wako nyuma yake, na ndiye anayeamua maji yafuatwe wapi. Ukame mkali ulipoipiga Tarangire mwaka 1993, familia zilizokuwa na majike wenye umri mkubwa zilitoka nje ya hifadhi kutafuta malisho, na ndama wao waliokufa ni wachache. Familia zilizong'ang'ania ndani zilipoteza ndama wengi zaidi, na hizo ziliongozwa na majike wadogo kiumri. Unajua kwa nini zilikosa bibi? Majangili wa miaka ya 1970 na 1980 walitafuta pembe kubwa, na mwenye pembe kubwa ni mzee.