Vigingi visikutishe

Dada wa Uyole, umeuliza kama umnunulie binti wa miaka 10 fidla ya mtumba ambayo vigingi vyake, vile vya kukazia nyuzi, vinateleza. Vigingi ni jambo dogo. Juni na Julai baridi yetu ni kavu, mbao zinasinyaa, unaamka nyuzi zimelegea. Sukuma kigingi kwa ndani huku unakizungusha. Kikizidi kuteleza, kipake chaki kidogo. Yangu hapa Makambako hunisumbua hivyo kila mwaka.

Cha kuogopa ni shingo iliyoachia au ufa chini ya daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi. Hapo achana nayo, hata kama ni bei ya kutupa.

Saizi: aiweke begani, anyooshe mkono wa kushoto. Vidole vikizunguka kichwa cha fidla bila kujivuta, inamfaa. Umri huo mara nyingi ni fidla ya saizi ya robo tatu (3/4).

Halafu, usilegeze nyuzi zote nne kwa mpigo. Daraja halikugundishwa, linashikiliwa na nyuzi tu, na kijiti kinachosimama ndani ya fidla vivyo hivyo. Mimi nililegeza zote. Kijiti kikaanguka, kikawa kinagongagonga humo ndani kama punje kwenye kibuyu. Upinde ndio wa kulegeza, kila akimaliza mazoezi.