Maswali ya Wasomaji: Je, Tukitajirika Tutayaacha Magari?

SWALI: Ndugu Mhariri, nasoma kwamba katika miji mikubwa ya nje hata wenye mishahara minono hupanda mabasi na treni, ilhali hapa kwetu mtumishi akipata mkopo hukimbilia kununua gari. Je, nasi tutafika huko tukishatajirika? Msomaji, Mwanga, Kigoma.

JIBU: Ndugu msomaji, utajiri peke yake haumshushi mtu kwenye gari lake. Kinachomshusha ni gharama ya kuliendesha mjini, pamoja na uhakika kwamba akifika kituoni basi litakuja.

London ilipoanza, Februari 2003, kuwatoza pauni 5 kwa siku wenye magari walioingia katikati ya mji, iliongeza mabasi yapatayo 300 wakati huohuo, na fedha za tozo zikaelekezwa kwenye usafiri. Stockholm ilifanya majaribio ya tozo kama hiyo mwaka 2006, na magari yaliyovuka mpaka wa eneo la tozo yakapungua kwa takribani asilimia 20. Wakazi wa mji huo, ambao awali wengi wao waliipinga, waliikubali kwa kura mwaka huohuo. Singapore ndiyo kali kuliko zote: tangu 1990, anayetaka gari hushindania kwanza kibali cha kulimiliki kwa miaka 10, na mara nyingi bei ya kibali hicho hutosha kumkatisha tamaa.

Dar es Salaam ilianza na mabasi. Mwendokasi, ulioanza kubeba abiria Mei 2016, una njia yake mahususi, na kwa sababu hiyo mwenye gari aliyekwama kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro huliona basi likimpita. Lakini abiria wanaosubiri muda mrefu kituoni na kubanana mlangoni watakueleza kwamba njia nzuri isiyo na mabasi ya kutosha humrudisha mtu kwenye gari, au kwenye bodaboda.

Kwa Kigoma, nadhani swali lako limelenga chombo kisicho chenyewe. Wengi wetu hatuna magari ya kuyaacha. Tunatembea, tunapanda daladala za Ujiji, na wenye haraka huchukua bodaboda au bajaji, ambazo humfikisha mtu hadi mlangoni bila kusubiri abiria wajae. Daladala ikiendelea kungoja ijae ndipo iondoke, abiria wake watahamia kwenye pikipiki muda mrefu kabla hawajapata mkopo wa gari. Ratiba inayoheshimiwa, hata ya gari moja kila robo saa, haihitaji mji uwe tajiri kwanza.